NYUMBA BILA ARDHI: KWA NINI MTU WA PWANI HAJENGI?



Ndugu msomaji, sisi wa huku Kitale na Bungoma tumezoea kusikia, hata kwenye mazungumzo baada ya futari, eti watu wa pwani ni wavivu, ndio maana mtu anakaa Mombasa miaka arubaini kwa nyumba ya udongo. Kabla hujasema hivyo tena, sikiza historia yake.

Mwaka 1895 Waingereza walichukua utawala wa ukanda wa maili kumi wa pwani, uliokuwa chini ya Sultani wa Zanzibar. Mwaka 1908 wakaleta sheria ya hatimiliki: kila mwenye ardhi aende akaidai, na isiyodaiwa ikawa ya Mfalme wa Uingereza. Aliyekuwa na karatasi na aliyejua njia za ofisini alipata. Mgiriama na Mdigo, ambao ardhi yao ilikuwa ya ukoo na haikuandikwa popote, wengi wao waliamka wakiitwa maskwota. Na tusifiche: baadhi ya waliofaidika ni Waislamu wenzetu, ilhali Mtume (s.a.w.) ametuonya vikali juu ya hata shibiri moja ya ardhi ya dhulma.

Mombasa mjini, wasio na hati walibaki na kile kinachoitwa nyumba bila ardhi. Nenda Majengo utaikuta. Nyumba ni yako, kiwanja ni cha mwingine, nawe unamlipa kodi ya kiwanja. Akikiuza, huenda ukabomoa. Sasa wewe ungejenga kwa mawe? Benki nayo itakukopesha kwa dhamana gani? Huo ndio uvivu wanaousema!

Sisi wa Trans Nzoia tusijione mbali. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia ardhi hii waligawiwa masetla, reli ikafika Kitale mwaka 1926, na wazee walioilima walikaa humo kwa ruhusa ya mzungu tu.

Huko Likoni, Januari 2016, serikali ilianza kutoa hati kwa wakaaji wa shamba la Waitiki, ekari 930, baada ya kukubali kulinunua kutoka kwa mwenyewe. Watu walishangilia, halafu wakaambiwa kila mmoja alipe shilingi 182,000. Kwa mtu wa kibarua cha siku hizo si pesa kidogo, na wengi walipinga.