Fimbo Isiyotoka kwa Mwami

Katika miaka ya 1950, wajane na wanawake walioachika wa mtaa wa Buyenzi, mjini Usumbura, walikataa kulipa kodi. Usumbura, ambayo leo ni Bujumbura, ilikuwa makao makuu ya Ruanda-Urundi, nchi mbili ambazo Ubelgiji ilizisimamia kwanza kwa niaba ya Shirikisho la Mataifa, kisha Umoja wa Mataifa. Waafrika wa mjini walitengewa mitaa yao, Buyenzi na Belge, ile iitwayo Bwiza siku hizi, na humo walitawaliwa kwa kanuni tofauti na zile za mashambani, huko vilimani. Kati ya kodi zilizotozwa huko, moja iliwahusu wanawake watu wazima ambao serikali iliwahesabu kuwa wanaishi bila mume. Kodi hiyo ilimlenga nani, mtaa mzima ulielewa: ilimlenga kahaba. Mjane wa Kiislamu aliyelea watoto kwa biashara ndogo ndogo, mwenye heshima yake sokoni na kwa majirani, akajikuta ameandikwa katika orodha ya aibu.

Habari hii ilifukuliwa na mwanahistoria Nancy Rose Hunt, aliyeiandikia makala mwaka 1991. Kinachonigusa ndani yake ni mpaka ambao wanawake wale waliuweka. Buyenzi ilikuwa imezoea kodi, na ililipa. Walichokikataa ni serikali kuingia nyumbani kwa mtu, kuamua mwanamke fulani ni nani, kisha kumtoza fedha kwa jina ililompa yenyewe. Hapo waliuliza swali ambalo wanafalsafa wa Ulaya wameliandikia vitabu vizito: mkono wa mtawala unaishia wapi?

Swali hilo halikuletwa Burundi na meli wala na shule za misheni. Lilikuwa na makao yake vilimani kwa muda mrefu kabla Mjerumani hajafika ziwani, na wenye kulibeba waliitwa bashingantahe.

Burundi ya kale ilikuwa na mwami, yaani mfalme, na chini yake walikuwepo baganwa, watu wa ukoo wa kifalme waliogawiwa nchi waitawale. Lakini mgogoro wa mpaka wa shamba, wa ng'ombe, wa mirathi au wa mume na mke haukuanzia kwa muganwa. Uliletwa mbele ya wazee wa kilima, chini ya mti, kila mmoja na fimbo yake, intahe, aliyoigonga ardhini alipotaka kusema. Hawakurithi nafasi hiyo. Mtu aliyeonekana kufaa alichunguzwa kwa miaka: anasemaje akiwa amekasirika, anakunywaje pombe, anawatendeaje mke na wageni, analipaje deni. Siku ya kuvishwa cheo jamii yote ya kilima ilialikwa, bia ya mtama na ya ndizi ikamwagwa, naye akaapa hadharani kusema kweli hata mwenye kosa akiwa ndugu yake. Mkewe alisimama pamoja naye, kwa kuwa nyumba yake nzima ndiyo iliyokuwa inaaminiwa.

Kuna jambo moja katika desturi hiyo ambalo kila mwanafunzi wa sheria wa Chuo Kikuu cha Burundi angepaswa kulitafakari. Wahutu na Watutsi waliweza kuvishwa ubushingantahe, lakini baganwa hawakuweza. Aliyezaliwa kutawala hakuruhusiwa kushika fimbo ya kuamua. Sijui katiba nyingi zilizosema jambo hilo wazi kiasi hicho. Warundi hawakumchukia mtawala. Walimwogopa na wakamheshimu kwa wakati mmoja, na kwa sababu hiyohiyo wakamwekea watu wasiokula mezani pake.

Tusiipambe desturi hii kupita kiasi. Watwa walifungiwa nje. Mwanamke alisimama kando ya mumewe, hakuvishwa kwa jina lake mwenyewe. Mtungi wa bia ambao wenye shauri waliwapa wazee kama shukrani uligeuka kwa baadhi yao kuwa bei ya hukumu. Na mbele ya muganwa mkali mwenye mikuki, wazee wa kilima kimoja hawakuwa na la kufanya ila kusema. Hata hivyo kusema huko kulikuwa na uzito, maana mashauri yaliweza kupanda hadi barazani kwa mwami mwenyewe, ambako nako walikuwepo bashingantahe.

Wajerumani hawakuuelewa mpango huu, na sidhani kama walijaribu. Waliijenga ngome yao Usumbura mwaka 1897, kisha wakapigana na Mwami Mwezi Gisabo hadi akasalimu amri. Mkataba wa Kiganda wa Juni 1903 ulimtoza ng'ombe 424 na kumlazimisha awatambue Kilima na Maconco, wapinzani wake, kuwa wakuu wanaojitegemea. Haikupita miaka mingi, Wajerumani wakageuka na kumsaidia mwami dhidi ya hao hao. Mtu wa kawaida aliyetazama akiwa kilimani alijifunza kwamba serikali mpya inaweza kufanya halali leo kile ilichokiita uasi jana.

Wabelgiji waliingia mwaka 1916, na wao ndio waliobadilisha mambo kweli. Chini ya Gavana Charles Voisin, kuanzia mwaka 1930, utawala ulipangwa upya ili uwe rahisi kusimamiwa kutoka Usumbura. Machifu 133 waliokuwepo mwaka 1929 walipunguzwa mwaka hadi mwaka, na kufikia 1945 walibaki 35. Joseph Gahama, Mrundi aliyeandika historia ya kipindi hicho, ameonyesha pia kwamba machifu wa Kihutu, waliokuwepo mwaka 1929, walikuwa wametoweka wote kufikia 1945. Sherehe ya umuganuro, ambayo kila mwaka ilimkutanisha mwami na nchi yake kwa ngoma na mtama, ilifanyika mara ya mwisho mwaka 1929.

Chifu wa zamani alijua kwamba watu wakimchoka wanaweza kuhamia kwa mwingine. Chifu wa Voisin hakuwa na hofu hiyo. Aliyempa cheo alikuwa ofisa wa Kibelgiji, na ofisa huyo alitaka kodi, barabara, wabeba mizigo na mashamba ya kahawa. Asiyelima alichapwa kiboko. Mwaka 1934, huko Ndora, kaskazini magharibi, watu waliasi wakiongozwa na mwanamke aitwaye Inamujandi, na uasi wao ukazimwa kwa silaha.

Bashingantahe hawakupigwa marufuku. Waliachwa na fimbo zao, lakini mamlaka yakahamishiwa katika mahakama za kienyeji zilizowekwa chini ya machifu, na maneno yao yakawa ushauri tu. Naliona jambo hili kuwa kubwa kuliko marufuku yoyote, kwa sababu ndiyo njia iliyofuatwa tena na tena baadaye, na serikali za Warundi wenyewe. Chombo cha kuwatilia shaka wakubwa hakikuvunjwa. Kilipewa kiti pembeni ya wakubwa, na kikazoea kukaa.

Vilimani hali ikiwa hivyo, shaka ilitafuta makao mjini. Buyenzi ilikaliwa na watu wa asili nyingi: kutoka Ujiji, Manyema, Kongo, Rwanda, na Warundi walioacha vilima vyao. Waliunganishwa na Kiswahili, msikiti na biashara. Hawakuwa na muganwa wala chifu wa ukoo, na Wabelgiji waliwatazama kwa wasiwasi kama watu wasio na bwana. Prince Louis Rwagasore, mwana wa Mwami Mwambutsa, aliona ndani ya wasiwasi huo watu wa kufanya nao kazi. Mwaka 1957 alianzisha ushirika wa wafanyabiashara, na Waswahili wa Usumbura wakawa miongoni mwa wafuasi wake wa mwanzo. Utawala uliubana ushirika, kisha ukambana yeye: ndugu wa karibu wa mwami walikatazwa siasa, na mwishoni mwa Oktoba 1960, uchaguzi wa komini ukikaribia, alizuiliwa huko Bururi.

Chama chake, UPRONA, kilishinda uchaguzi wa 18 Septemba 1961 kwa viti 58 kati ya 64. Katika hotuba yake baada ya ushindi huo Rwagasore aliwaambia wananchi, wakiwemo wale ambao hawakumpigia kura, kwamba watawahukumu viongozi kwa matendo yao. Mtoto wa mwami alikuwa anawapa raia fimbo ya mushingantahe, dhidi yake mwenyewe. Tarehe 13 Oktoba alipigwa risasi katika hoteli kando ya ziwa, akafa akiwa na umri wa miaka 29.

Baada yake ahadi ile haikuwa na mlinzi. Waziri Mkuu Pierre Ngendandumwe aliuawa Januari 1965. Mnamo Novemba 1966 UPRONA ilifanywa chama pekee kwa amri ya serikali, na siku chache baadaye Kapteni Michel Micombero akaufuta ufalme. Ubushingantahe ukawa cheo cha kugawiwa: makada wa chama na watumishi wa serikali walipewa heshima hiyo bila kilima chochote kuwachunguza. Fimbo sasa ilitoka juu.

Kisha ukaja mwaka 1972. Tarehe 29 Aprili waasi wa Kihutu walishambulia kusini, upande wa Rumonge na Nyanza-Lac, wakaua Watutsi wengi. Serikali ilijibu kwa kuwawinda Wahutu wa nchi nzima, hasa waliosoma: walimu, makarani, wanajeshi, wauguzi, wanafunzi waliotolewa madarasani. Makadirio ya waliouawa ni kati ya watu 100,000 na 300,000. Katika ushahidi uliokusanywa na wanahistoria kuna jambo ambalo siwezi kulipita haraka. Wengi waliitwa kwa majina yao, nao wakaenda wenyewe. Walioga, wakavaa nguo safi, wakaripoti ofisini, kwa kuwa serikali ilikuwa imewaita na wao hawakuwa na kosa. Utii huo haukuwa ujinga. Ulikuwa imani ya raia mwema kwamba anayeshika orodha ya majina anaishika kwa haki. Anayewauliza Warundi wa umri ule kwa nini wanamtazama karani mwenye daftari kwa jicho la pembeni, jibu analo hapo.

Luteni Kanali Jean-Baptiste Bagaza alichukua nchi mwaka 1976 na akaishia kugombana na Kanisa Katoliki, akifukuza wamisionari na kubana ibada za siku za kazi. Meja Pierre Buyoya alimwondoa mwaka 1987. Melchior Ndadaye, rais wa kwanza kuchaguliwa katika vyama vingi, aliapishwa Julai 1993 na kuuawa na wanajeshi tarehe 21 Oktoba mwaka huo huo. Vita vilivyofuata viliwafundisha watu upande wa pili wa somo: penye serikali iliyovunjika, mwenye bunduki wa barabara ya jirani ni mtawala kamili, na hana hata daftari. Wakati ule wapo bashingantahe waliowaficha majirani wa kabila lingine, na sifa hiyo ndiyo iliyofanya watu waanze tena kuuzungumzia ubushingantahe.

Mkataba wa Arusha wa 28 Agosti 2000, ulioanzwa na usuluhishi wa Mwalimu Nyerere na kumalizwa na Nelson Mandela, nausoma kama hati ya watu wasioaminiana walioamua kuiandika shaka yao kifungu kwa kifungu. Kabila moja lisizidi nusu ya jeshi. Rais asizidi vipindi viwili. Katiba ya 2005 iliongeza hesabu za bungeni: katika Baraza la Taifa Wahutu asilimia 60 na Watutsi asilimia 40, wanawake wasiopungua asilimia 30, na Watwa watatu katika kila chumba cha Bunge. Wapo wanaoikejeli hesabu hiyo. Mimi naiheshimu, kwa kuwa kila tarakimu yake imelipiwa kwa makaburi.

Mjini Bujumbura shaka ilipata sauti mpya, redio. Radio Publique Africaine ilianza mwaka 2001, Isanganiro ikafuata mwaka 2002. Mtu wa Kamenge au Ngagara aliweza kusikia waziri akiulizwa swali na kushindwa kulijibu. Aprili 2015, Rais Pierre Nkurunziza alipopitishwa kugombea kipindi cha tatu, watu waliingia barabarani wakitaja vipindi viwili vya Arusha. Wafuasi wake walijibu kwamba kipindi cha kwanza hakikuhesabika, kwani alichaguliwa na Bunge. Mahakama ya Katiba ilikubaliana na wafuasi. Mei 13 Jenerali Godefroid Niyombare alijaribu kupindua serikali akashindwa, na katika saa hizo redio za mji, RPA, Bonesha, Isanganiro, Renaissance, zilishambuliwa na kunyamazishwa. Rema, iliyokuwa upande wa serikali, nayo ilishambuliwa. Zaidi ya watu 400,000 walikimbilia nchi jirani. Kura ya maoni ya Mei 2018 ilirefusha kipindi cha rais kuwa miaka saba.

Januari 2021 ilipitishwa sheria ya kurejesha baraza la wazee wa kilima na wa mtaa, ili migogoro ya majirani isikilizwe hapo kabla ya kufika mahakamani. Nalikaribisha baraza hilo, kwani mahakama zimeelemewa na kesi za ardhi, na mjane asiye na nauli ya kwenda komini anahitaji mahali pa kusemea karibu na nyumbani. Sitalipima kwa idadi ya mashauri litakayoyamaliza. Nitalipima siku jirani atakapomshtaki mkuu wa kilima mwenyewe kwa shamba alilolichukua, na wazee wakalazimika kukaa, kumwita kwa jina lake, na kumwambia aanze kueleza.