Darasa la Uani: Historia Isiyoandikwa ya Watoto wa Majengo

Ukitafuta historia ya watoto wenye usonji wa Nairobi, utatoka maktaba karibu mikono mitupu. Neno usonji lenyewe limeanza kuzoeleka masikioni mwetu juzijuzi tu. Mwaka 1943 daktari Leo Kanner, akiwa Marekani, aliandika kuhusu watoto 11 waliojitenga na watu, wakapenda kila kitu kibaki pale pale kilipokuwa jana. Mwaka uliofuata Hans Asperger akaandika ya kwake kule Vienna. Nairobi hakuna aliyekuwa akiandika hayo. Lakini watoto walikuwepo, na kuna mtu alikuwa akiwalea.

Miaka ya 1970 mtafiti Victor Lotter alizunguka taasisi za watoto wenye ulemavu wa akili katika nchi kadhaa za Afrika, Kenya ikiwemo. Ripoti yake ilitoka 1978. Katika watoto zaidi ya 1,300 alihesabu 9 tu wenye usonji. Ni rahisi kuiona namba hiyo na kusema, ala, kumbe huu ni ugonjwa wa wazungu. Hadi leo utasikia hivyo kwenye matatu. Ila cheki alikoangalia: kwenye taasisi. Mtoto wa Majengo hakuwa kwenye taasisi. Alikuwa uani, karibu na jiko la makaa, na nyanya yake.

Historia hiyo ya uani ndiyo ninayotaka kuisimulia, kwa sababu leo kumfundisha mtoto nyumbani kunaonekana ni mambo ya wenye nazo wa Karen na Runda, watu wa intaneti ya kasi na vitabu vya kuagiza nje. Sisi wa Majengo tulianza zamani. Hatukuwa na jina la kuliita hilo jambo, na hatukuwa na njia nyingine.

Anza na nyumba yenyewe. Pumwani ilianzishwa na serikali ya mkoloni mwanzoni mwa miaka ya 1920, ili Waafrika wa Nairobi wakusanywe mahali pamoja. Kabla ya hapo walikaa katika vijiji kama Pangani, Maskini, Mombasa na Kaburini. Pangani ilidumu hadi mwishoni mwa miaka ya 1930, kisha nayo ikabomolewa. Baraza la mji lilitoa viwanja, na watu wakajijengea wenyewe nyumba za udongo za Kiswahili: ukumbi katikati, vyumba huku na huku, ua nyuma. Hapo ndipo jina Majengo lilipotoka. Wenye nyumba wengi walikuwa wanawake. Mwanahistoria Luise White aliongea na baadhi yao miaka ya 1970, na kitabu chake cha 1990, The Comforts of Home, kinaeleza jinsi walivyojipatia pesa, mara nyingi kwa umalaya, wakazigeuza kuta na mabati yao wenyewe.

Kwa nini naleta habari za nyumba? Kwa sababu mpangilio ule ulimhusu sana mtoto asiyesema. Vyumba sita au nane, ukumbi mmoja, ua mmoja. Mtoto akitoka mbio, kuna macho mlangoni. Akipiga kelele usiku, nyumba nzima inajua ni nani na huenda inajua ni kwa nini. Mwenye nyumba alikuwa pale pale mchana kutwa, na mara nyingi alikuwa mwanamke mzee mwenye sauti ya kusikizwa. Serikali haikuwa imempa mtoto yule chochote. Ilichokuwa nacho kwa watu ambao akili zao hazikueleweka ni Mathari, iliyofunguliwa 1910 kwa jina la hifadhi ya wendawazimu. Nani angempeleka mjukuu wake huko?

Na lugha nayo ilikuwa kali. Bubu, zuzu, punguani, taahira. Aliyeshindwa kutulia darasani aliitwa mtundu, na dawa ya utundu ilijulikana: kiboko. Wengine walisema ni mashetani, mama akapelekwa kwa mganga au mtoto akasomewa. Leo Katiba ya 2010, kifungu cha 54, inasema mtu mwenye ulemavu ana haki ya kuitwa na kutajwa kwa namna isiyomdhalilisha. Ni sheria nzuri, ila mtaani bado haijashuka.

Sasa nije kwetu. Binamu yangu alizaliwa mwanzoni mwa miaka ya 1990. Hakutamka neno hadi alipopita miaka sita. Spika za msikiti zikiwashwa alikuwa anaziba masikio na kujificha chini ya kitanda. Alipofika umri wa shule alipelekwa, na mwalimu mkuu wa shule ile akamwambia nyanya: mrudishe akishajua kusema. Nyanya hakujibu. Alimshika mkono wakarudi nyumbani, na kesho yake alfajiri akamketisha kwenye kigoda karibu na karai.

Nyanya alikuwa anauza mahamri. Binamu akaanza kwa kuyapanga kwenye sinia, manne manne. Alipenda mpangilio, kwa hiyo nyanya aliuacha mpangilio umfundishe. Manne mara tano ni sinia limejaa. Vikombe vitatu vya unga, kimoja cha sukari, daima kwa utaratibu ule ule, na ukiugeuza analia. Sarafu alizijua kwa ukubwa kabla ya kujua namba zilizoandikwa juu yake. Akitaka maji alivuta mkono wa nyanya hadi kwenye mtungi, naye nyanya kila mara alisema neno moja tu, "maji", akangoja. Alingoja miaka. Leo wataalamu wa matamshi wanafundisha wazazi kufanya karibu vivyo hivyo: neno moja, kitu kinachoonekana, halafu subira.

Jioni alienda chuoni. Maalimu alimwacha akae nyuma karibu na mlango, asilazimishwe kitu. Siku moja ikasikika sauti kutoka pale nyuma inasoma sura fupi nzima bila kukosea, kwa lafudhi ile ile ya maalimu. Mtoto ambaye hajawahi kuomba maji! Majirani wakasema ni muujiza. Nyanya akasema, "Si niliwaambia anasikia?"

Lakini nisiipake rangi historia hii. Nyumba ya tatu kutoka kwetu kulikuwa na mtoto ambaye sote tuliijua sauti yake kuliko sura yake. Hakuwa anafundishwa, alikuwa amefichwa. Ua uleule ungeweza kuwa darasa au jela, na tofauti haikuwa mapenzi peke yake. Mama wa mtoto yule alikuwa akitoka saa kumi na moja alfajiri kwenda Gikomba na kurudi giza limeingia, bila mtu wa kumwachia. Nyanya yetu alikuwa na nyumba, kodi ya wapangaji, na biashara iliyokaa mlangoni. Alikuwa na wakati. Kumfundisha mtoto nyumbani kunakula wakati, na kwa maskini wakati ni pesa ya unga.

Serikali ilikuwa wapi? Ilikuwa inakuja, ila polepole. Baada ya uhuru, mwaka 1964, kamati iliyoongozwa na Ngala Mwendwa ilichunguza malezi ya watu wenye ulemavu, na waraka wa bunge wa 1968 ukafuata. Mwaka 1984, kwa msaada wa Denmark, vikaanzishwa vituo vya kupima watoto wenye mahitaji maalum. Mwaka 1986 ikazaliwa KISE, chuo cha kufunza walimu wao. Kwenye karatasi, binamu yangu alipozaliwa kila kitu kilikuwepo. Kwetu Majengo hakuna aliyejua kwamba kuna kituo cha kupimwa.

Kisha ikaja Januari 2003, elimu ya msingi ya bure. Watoto zaidi ya milioni moja waliingia shuleni. Mwaka uliofuata mzee Kimani Maruge, mwenye miaka 84, akaanza darasa la kwanza Eldoret, na dunia nzima ikampigia makofi. Eastlands madarasa yalijaa hadi dirishani. Sasa mchukue mtoto asiyeweza kutulia dakika tano, umweke kati ya wenzake themanini na mwalimu mmoja. Mlango ulikuwa wazi, lakini ndani hapakuwa na mahali pake.

Mwaka huohuo wa 2003 wazazi walianzisha chama cha usonji cha Kenya, na kitengo cha watoto wenye usonji kikafunguliwa katika shule ya msingi ya City, Ngara. Kutoka Majengo si mbali. Ona nani walianza: wazazi. Walikuwa watu waliochoka kuambiwa mrudishe akishajua kusema.

Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 ikamlazimu kila mzazi kuhakikisha mtoto anaenda shule, na anayekaidi ametenda kosa. Mwaka 2019 baba mmoja magharibi mwa Kenya alikamatwa kwa kuwafundisha wanawe nyumbani. Kesi ikafika Mahakama Kuu, na 2021 ombi la waliotaka elimu ya nyumbani itambuliwe likakataliwa. Kesi haikujengwa juu ya ulemavu, na naielewa hofu iliyo nyuma ya sheria. Bila lazima, yule mtoto wa nyumba ya tatu angebaki gizani na mtu aseme anamfundisha. Lakini nyanya yangu naye, kwa kipimo hichohicho, angekuwa mkosaji. Shule iliyomkataa isingekuwa na kosa.

Kichekesho ni kwamba kati ya uamuzi huo na kukamatwa kule, shule zote za Kenya zilifungwa. Machi 2020 hadi Januari 2021, watoto wengi walisomea nyumbani, kwa redio, kwa simu, kwa mama. Ghafla kila mzazi akajua ugumu wa kumketisha mtoto mmoja na daftari. Shule zilipofunguliwa, tukasahau.

Mtaala mpya una njia ya watoto wasioweza kufuata masomo ya kawaida, inayoanza na kujihudumia na kwenda hadi kazi za mikono. Yaani kuvaa, kupika, kuhesabu pesa, kuuza. Nilipousoma niliwaza sinia la mahamri. Serikali imefika alikofika nyanya. Kilichobaki ni kumlipa mtu wa kuja hadi mlangoni: mwalimu wa KISE anayepita nyumba kwa nyumba hata mara moja kwa wiki, akamwonyesha mama wa Gikomba la kufanya jioni ile anaporudi. Na kupima mtoto kuwe jambo la zahanati ya mtaa, siyo la safari na barua.

Binamu yangu sasa ana miaka zaidi ya thelathini. Haongei sana. Anauza mahamri pale pale, na chenji yake haijawahi kupungua. Hana cheti chochote, wala jina lake haliko kwenye daftari la shule yoyote. Ukimuuliza alisoma wapi, anaonyesha uani kwa kidole.