Kutoka Watu wa Miti hadi Ukanda wa Kijani: Kazi Iliyowapa Watu Lengo

Historia tunayoifundisha shuleni aghalabu ni historia ya vita, ya mikataba na ya wakuu wa nchi. Ni nadra mwanafunzi kuulizwa katika mtihani ni nani aliyepanda msitu, au kwa nini alijitaabisha kuupanda. Hata hivyo, katika nchi jirani ya Kenya upandaji wa miti una sura yake katika historia ya karne ya ishirini, na sura hiyo inatufaa sisi walimu wa Kiswahili kwa sababu mbili. Kwanza, lugha yetu imo ndani yake tangu mwanzo. Pili, inagusa swali ambalo vijana wetu hutuuliza kila mwaka wamalizapo masomo: mtu afanye nini na maisha yake hata ayaone yana maana?

Katika makala haya tutatazama matukio mawili, la mwaka 1922 na la mwaka 1977, kisha tutamfuata mtu mmoja, Profesa Wangari Maathai, katika miaka ambayo alinyang'anywa karibu kila kitu isipokuwa kazi ya miti. Rai yetu ni kwamba lengo la maisha halikumjia kwanza likamtuma kazini. Kazi ndiyo iliyotangulia, tena kazi ndogo ya kutunza miche isife, na lengo likakua ndani ya kazi hiyo mwaka baada ya mwaka.

Watu wa Miti, 1922

Mwaka 1920 Richard St. Barbe Baker, Mwingereza aliyesomea misitu huko Cambridge, aliingia katika idara ya misitu ya serikali ya kikoloni nchini Kenya. Alikuta nchi ya Wakikuyu inapoteza miti yake kwa haraka. Walowezi walikuwa wametwaa ardhi nyingi, na wenyeji waliobanwa katika sehemu zilizobaki walilazimika kulima pale pale bila kuupumzisha udongo. Baker alipowauliza wazee kwa nini hawapandi miti badala ya ile iliyokatwa, alijibiwa kuwa kuotesha miti ni shauri la Mungu. Jibu hilo halikuwa la ujinga. Zamani mkulima aliliacha shamba lilale miaka mingi, na msitu ulirudi wenyewe bila kupandwa na mtu. Kilichobadilika ni kwamba nafasi ya kuhama haikuwapo tena.

Baker aligundua kuwa Wakikuyu walikuwa na ngoma za kupanda na za kuvuna, lakini hawakuwa na ngoma ya miti. Akishirikiana na Chifu Josiah Njonjo, aliitisha ngoma hiyo mwezi Julai 1922. Vijana waliojitolea waliahidi kupanda miti kumi kila mwaka na kuitunza miti popote walipo. Wakaitwa kwa jina la Kiswahili: Watu wa Miti.

Hatuna budi kuitazama tarehe hiyo kwa makini. Mnamo Machi 16, 1922, miezi minne tu kabla ya ngoma, askari waliufyatulia risasi umati uliokusanyika Nairobi kudai Harry Thuku afunguliwe, na watu zaidi ya 20 wakauawa. Miongoni mwao alikuwa mwanamke, Mary Muthoni Nyanjiru, aliyewahimiza wanaume waliosita. Vijana wa wakati ule walivaa kipande shingoni na kuhesabiwa kama nguvu za kazi katika mashamba ya wengine. Upandaji wa miti haukuwarudishia ardhi, wala hatuwezi kusema kuwa afisa mmoja mwenye moyo mwema aliufuta ukoloni. Lakini ahadi ya miti kumi ilikuwa kazi ya hiari, na mtu asiyeachiwa hiari katika jambo lolote hujua uzito wa hiari hata katika jambo dogo.

Mwaka 1924 Baker alianzisha chama hicho Uingereza, na jina lake likafasiriwa kuwa Men of the Trees. Hapo mwalimu wa lugha atasimama kidogo. Mara nyingi sisi ndio tunaotafsiri majina kutoka Kiingereza. Hapa mkondo ulikwenda kinyume, na katika kuvuka kitu kimoja kilianguka njiani. Neno letu watu halibagui mwanamume na mwanamke, lakini neno la Kiingereza lililochaguliwa lilitaja wanaume tu. Ilipita zaidi ya nusu karne kabla ya wanawake wa Kenya kuidai sehemu yao katika kazi hiyo.

Mwanasayansi na kupe

Wangari alizaliwa Aprili 1, 1940, katika kijiji cha Ihithe, wilaya ya Nyeri. Karibu na kwao palikuwa na mtini mkubwa wa mwituni, ambao Wakikuyu huuita mugumo. Mama yake alimkataza kuokota kuni chini yake, maana ulikuwa mti wa Mungu. Karibu na mti huo palikuwa na kijito ambamo mtoto huyo alichezea mayai ya vyura. Mwaka 1960 alikuwa miongoni mwa wanafunzi mia kadhaa wa Afrika Mashariki waliopelekwa Marekani kwa masomo. Alipata shahada ya kwanza mwaka 1964 huko Kansas na ya pili huko Pittsburgh, na mwaka 1971 akawa mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki na ya Kati kupata shahada ya udaktari wa falsafa, katika Chuo Kikuu cha Nairobi.

Utafiti wake ulihusu kupe waenezao ndigana kali, ugonjwa unaoua ng'ombe. Alipokwenda mashambani kukusanya kupe, aliona mengine. Ng'ombe walikuwa wamekonda kwa kukosa majani. Mito ilikuwa myekundu kwa udongo uliochukuliwa na mvua. Aliporudi kwao alikuta mugumo umekatwa na kijito kimekauka. Akina mama wa vijijini nao, katika vikao vya Baraza la Kitaifa la Wanawake wa Kenya, walieleza kuwa wanatembea mbali kutafuta kuni, na kwamba watoto hulishwa vyakula vya kupikwa upesi kwa sababu kuni hazitoshi kupikia kunde na maharagwe. Hapo alitambua kwamba kupe alikuwa tatizo dogo kuliko yale aliyoyaona njiani akimtafuta kupe.

Mche ulioishi

Ni kosa kudhani kuwa alifaulu mara moja. Mwaka 1974 mumewe, aliyekuwa akigombea ubunge, aliwaahidi wapiga kura ajira. Alipochaguliwa, Wangari alihofu kwamba ahadi hiyo ingesahauliwa. Akaanzisha kampuni ndogo ya kuwaajiri maskini kupanda na kutunza miti, akawa na kitalu katika msitu wa Karura. Fedha hazikutosha, maji yakawa haba. Mwaka 1976 alihudhuria mkutano wa Umoja wa Mataifa kuhusu makazi ya watu huko Vancouver, Kanada, akarejea na kukuta karibu miche yote imekauka.

Mwaka uliofuata alianza upya kupitia Baraza la Wanawake. Mnamo Juni 5, 1977, Siku ya Mazingira Duniani, watu waliandamana hadi uwanja wa Kamukunji, Nairobi, wakapanda miti saba kuwaenzi mashujaa wa makabila mbalimbali, akiwamo Mekatilili wa Menza wa pwani, Waiyaki wa Hinga wa Kikuyu na Nabongo Mumia wa Waluhya. Kampeni hiyo ilibeba neno letu harambee katika jina lake. Baadaye ikawa Vuguvugu la Ukanda wa Kijani, kwa kuwa vikundi vilihimizwa kupanda safu ndefu za miti isiyopungua elfu moja.

Wangari alimwendea mkuu wa misitu akamwambia kuwa wanakusudia kupanda mti mmoja kwa kila Mkenya, yaani miti milioni 15. Mkuu huyo alicheka, akasema wachukue miche yote waitakayo bure. Haukupita mwaka akalazimika kuifuta ahadi yake, maana wanawake walikuwa wanamaliza vitalu vya serikali. Ndipo wakaamua kuotesha wenyewe. Mabwana misitu walikuja kuwafundisha, wakazungumza juu ya mwinamo wa ardhi na pembe za mionzi ya jua hata akina mama wakabaki wameduwaa. Wangari akawaambia watumie maarifa yaleyale waliyozoea kupandia mahindi na maharagwe. Wakakusanya mbegu za miti ya kienyeji. Wakaotesha katika vyungu vilivyovunjika, wakaviweka juu ili kuku na mbuzi wasivifikie, wakanyunyiza maji kwa mikebe iliyotobolewa matundu.

Kanuni moja ndiyo iliyoitofautisha kazi hii na sherehe nyingi za kupanda miti. Kikundi hakikulipwa kwa mche uliopandwa. Kililipwa senti chache kwa kila mche uliokutwa hai baada ya miezi kadhaa. Kupanda ni tendo la asubuhi moja, na hata waziri aliyevaa suti huweza kulifanya mbele ya wapiga picha. Kukuza ni jambo la kila siku, wala halina mtazamaji. Mwanamke ambaye hakusoma aliweza kuwaonyesha jirani zake mti na kusema, huu ni wangu, nimeuvusha kiangazi. Senti zile zilikuwa chache mno kumtajirisha mtu. Lakini zilikuwa ushahidi kwamba yupo aliyekuja kuhesabu kazi ya mikono yake.

Miaka ya kunyang'anywa

Ndoa ya Wangari ilivunjwa mahakamani mwaka 1979. Kwa kumkosoa hakimu alifungwa siku chache, na mumewe wa zamani alipomtaka aliache jina lake la Mathai, aliongeza herufi moja tu, akawa Maathai. Mwaka 1982 alijiuzulu Chuo Kikuu ili agombee ubunge. Alizuiwa kwa hoja ya kutojiandikisha kupiga kura. Aliporudi kuomba kazi yake alikataliwa, akatakiwa pia kuihama nyumba ya Chuo. Alikuwa na umri wa miaka 42, bila mshahara, bila mume, na watoto watatu wakimtegemea.

Katika hali hiyo wengi wetu tungesema maisha yamekwisha. Kwake kilichosalia kilikuwa vitalu, na mwaka huo ndipo alipoifanya kazi ya miti kuwa kazi yake nzima. Fedha za mfuko wa Umoja wa Mataifa kwa ajili ya wanawake na msaada wa chama cha misitu cha Norwe ziliwezesha vikundi kuongezeka. Vyeo alivyopewa na wengine viliweza kufutwa kwa barua moja. Kazi aliyoianza mwenyewe haikuwa na mtu wa kumwachisha.

Hili lilidhihirika zaidi mwaka 1989, serikali ilipotaka kujenga jumba la ghorofa 60 katika bustani ya Uhuru Park, mahali pa pekee ambapo maskini wa Nairobi walipumzika bure. Maathai aliandika barua kupinga. Bungeni alitukanwa, na kundi lake likaitwa la wanawake walioachika. Ofisi ya vuguvugu ikafukuzwa katika jengo la serikali, kazi ikaendelea nyumbani kwake. Wafadhili walirudi nyuma, na jumba halikujengwa. Mwaka 1992 alipigwa na askari hadi akazirai, akiwa pamoja na akina mama waliodai wana wao waliofungwa kwa sababu za siasa. Januari 1999 alijeruhiwa kichwani alipokwenda na miche yake kupinga kugawiwa kwa msitu wa Karura, msitu ule ule ambamo miche yake ya kwanza ilikauka. Karura ungali umesimama hadi leo.

Mwaka 2004 alipewa Tuzo ya Nobel ya Amani, wa kwanza miongoni mwa wanawake wa Afrika. Wakati huo vuguvugu lilikuwa limekuza miti zaidi ya milioni 30. Aliposikia habari hizo akiwa Nyeri, alipiga magoti akapanda mti. Alifariki Septemba 25, 2011, na kwa kuwa hakutaka mti ukatwe kwa ajili yake, jeneza lake lilitengenezwa kwa mianzi, mafunjo na magugu maji.

Majirani na darasa letu

Habari hii haikuishia mipakani. Tangu mwaka 1986 vuguvugu lilikaribisha watu kutoka Tanzania, Uganda, Ethiopia, Malawi na kwingineko waje kujifunza mbinu zake, na mwaka 2005 Maathai aliteuliwa kuwa balozi mwema wa misitu ya bonde la Kongo. Na wananchi wa Kampala walipoandamana Aprili 2007 kuutetea msitu wa Mabira usigeuzwe shamba la miwa, hasira yao ilifanana sana na ile ya Karura, na huko pia damu ilimwagika.

Walimu wenzangu, tumezoea kuwaambia vijana watafute lengo la maisha, kana kwamba limefichwa mahali fulani likingoja kugunduliwa. Historia tuliyoieleza inatufundisha njia nyingine. Kijana apewe kitu kimoja chenye uhai akitunze kwa muda mrefu, na ahesabiwe kwa kile kilichoishi, si kwa kile alichoanzisha. Katika shule nyingi zetu hufanyika sherehe ya kupanda miti kila mwaka, mara nyingine katika mashimo yale yale ya mwaka uliopita. Ingekuwa heri kila mwanafunzi wa kidato cha kwanza akabidhiwe mche mmoja, auandikie insha kila muhula kwa Kiswahili, na amalizapo kidato cha nne aukabidhi kwa mdogo wake shuleni ukiwa mti. Wahenga walisema mchumia juani hulia kivulini. Kivuli hicho hakitakuwapo ikiwa hatutamfundisha mtoto kurudi na mkebe wake wa maji siku ya pili, na ya tatu, na zote zinazofuata.