HISTORIA: Bwaki, ugonjwa uliotafutwa toka Accra mpaka Lwiro

Katika Kivu hakuna mama asiyejua neno bwaki. Mtoto anavimba miguu na uso, nywele zinageuka rangi na kung'oka bila kuumiza, ngozi inabanduka kama imeungua, na yeye mwenyewe hataki kucheza wala kula. Jirani wa kwanza atasema amelishwa sumu. Wa pili atamsema mama: amebeba mimba ingine mapema, maziwa yake yameharibika. Wa tatu, asiyejua kitu, atasema mtoto amenenepa. Waganga wa wakati wa Wabelgiji waliandika neno hilo mbuaki katika ripoti zao. Wazungu wengine waliita ugonjwa huu kwa neno la Accra.

Neno hilo, kwashiorkor, ni la Waga wa pwani ya Ghana, iliyoitwa Gold Coast wakati ule. Daktari Cicely Williams, mzaliwa wa Jamaika, alifika kule mwaka wa 1929. Katika hopitali alikuta watoto wa mwaka mmoja mpaka mine wenye kuvimba, wote wakilishwa uji wa mahindi karibu peke yake. Wakubwa wengine waliona ni ugonjwa uliojulikana tayari, pelagra. Yeye hakukubali. Aliandika habari zake mwaka wa 1933, na mwaka wa 1935 akatumia jina ambalo akina mama wenyewe walimpa: ugonjwa wa mtoto anayeondolewa mahali pake wakati mdogo wake anapozaliwa. Hapo ndipo uzuri wa kazi yake. Wenzake walitafuta jina katika vitabu, yeye aliuliza wanawake, na jibu lao lilikuwa karibu na ukweli kuliko vitabu.

Kilichobaki ni kujua ndani ya mwili kunaharibika nini. Kazi kubwa ilifanyika Kampala, hopitali ya Mulago, kwa madaktari Hubert Trowell, J. N. P. Davies na Rex Dean, waliotoa kitabu chao mwaka wa 1954. Walipopasua maiti za watoto walikuta ini limejaa mafuta. Davies alionyesha pia kwamba kongosho, kile kiungo cha nyuma ya tumbo kinachotoa maji ya kusaga chakula, kimenyauka. Kwa hiyo hata chakula kizuri kikiingia, mwili hauna tena vyombo vya kukitumia.

Vyombo hivyo ni protini. Tumezoea kusikia protini ni nyama, maharagi na samaki, lakini mwili unazivunja na kutengeneza zake. Misuli ni protini. Nywele ni protini. Maji ya kusaga chakula yanafanya kazi kwa protini. Ini linatengeneza zingine za kubeba mafuta na kuyatoa nje. Zikikosekana mafuta yanalundikana palepale. Ini hutengeneza pia albumini, inayotembea katika damu na kushika maji yasitoke nje ya mishipa. Kwa mtoto wa bwaki albumini inashuka sana. Maelezo yakawa mepesi: chakula hakina protini, albumini inapungua, maji yanatoka katika mishipa, miguu inavimba.

Mwaka wa 1950 wajumbe wawili wa mashirika ya Umoja wa Mataifa, Brock na Autret, walizunguka Afrika, Kongo ikiwemo, na ripoti yao ya 1952 ikaweka bwaki mbele ya macho ya dunia. Maziwa ya unga yakaanza kugawanywa. Hata sambaza tunazokula leo zilipandikizwa katika ziwa Kivu mwishoni mwa miaka hiyo, zikitoka Tanganyika, ili watu wapate samaki. Maziwa mengi yameliwa na kusahauliwa, lakini sambaza zingali sokoni kila asubuhi.

Lakini maelezo mepesi yalianza kupasuka. Mwaka wa 1974 daktari Donald McLaren aliandika kwa ukali kwamba dunia imepotea kwa kukimbilia protini peke yake. Mwaka wa 1980 Michael Golden, aliyefanya kazi Jamaika, alionyesha kwamba mtoto anayetibiwa huanza kupungua uvimbe kabla albumini yake haijapanda. Kumbe albumini si sababu yote. Watafiti wakageukia maambukizi, ukosefu wa madini, na vitu vya sumu ambavyo mwili uliochoka hauwezi kuvizima. Mpaka leo hawajakubaliana juu ya sababu moja, na pengine haiko moja.

Mabishano hayo yamebadilisha matibabu. Ini la mtoto aliyevimba haliwezi kubeba chakula kizito siku za kwanza. Ndiyo maana katika hopitali wanaanza na maziwa mepesi ya F-75, yenye gramu 0.9 tu ya protini katika mililita 100. Uvimbe ukianza kupungua na hamu ya kula ikirudi, ndipo wanapanda pole pole kwenye F-100, yenye gramu 2.9, au karanga za paketi. Mama wa kambini anayeona mwanawe anapewa maziwa kama maji asifikiri muuguzi ameiba unga. Na anayempelekea mtoto nyama kwa siri siku ya pili anamhatarisha, ingawa anafanya kwa upendo.

Sehemu kubwa ya habari hii iliandikwa hapa kwetu. Lwiro, zaidi ya kilomita 40 kaskazini ya Bukavu, ndiko Wabelgiji walikojenga kituo cha taasisi ya utafiti IRSAC, iliyoundwa mwaka wa 1947. Watu wengi leo wanakijua kwa sababu ya nyani na sokwe, na ni pungufu, maana hopitali yake ya watoto imetibu bwaki miaka mingi. Mwaka wa 1993 timu ya Wakongomani na Wabelgiji ilichapisha Uingereza matokeo ya watoto waliolazwa: mtoto ambaye albumini yake imeshuka sana na mkono wake umekonda ndiye aliye karibu na kifo. Albumini inahitaji laboratwari. Mkono unahitaji ule utepe wa rangi tu, ambao leo unapita katika kila kambi: chini ya milimita 115, kwa mtoto wa miezi 6 mpaka miaka 5, ni hatari. Na uvimbe unapimwa kwa dole gumba: bonyeza juu ya miguu yote miwili kwa sekunde 3, ukiacha shimo pande zote mbili mpeleke siku ileile, hata kama anaonekana mnene.

Miaka ya karibuni watafiti walirudi kutafuta waliotibiwa Lwiro kati ya 1988 na 2007. Katika miaka hiyo vita na mikimbio ilipita mara nyingi, na wengi hawakupatikana. Walipata watu wazima 524, wakawalinganisha na wengine wa umri wao kutoka mazingira yaleyale. Waliougua utapiamlo mkali utotoni walikuwa wamefika nyuma zaidi katika masomo, na majaribio ya akili yaliwapa alama ndogo.