Msukumo wa Injini katika Mashine za Kuigia Ndege

Tangu binadamu alipoanza kuruka kwa ndege, hapakuwa na shule iliyo ghali kuliko ile ya angani, kwa maana ada yake mara nyingi ilikuwa roho ya mwanafunzi. Kwa sababu hiyo zikabuniwa mashine za kuigia ndege, ambazo hukaa chini chumbani, na rubani huketi ndani yake kana kwamba yu safarini. Watu wengi wanaosimulia habari za mashine hizo husifu jinsi zinavyoinama na kuyumba, au picha za nchi zionekanazo madirishani. Lakini limo jambo moja lisiloonekana kwa macho, nalo ni msukumo wa injini, yaani ile nguvu inayoipeleka ndege mbele. Historia ya kuuiga msukumo huo yafundisha kwamba mwalimu wa chuma hapaswi kuwa kweli katika nguvu zake tu, bali hata katika uzito wake wa kuitika.

Mwanzo wa mashine hizo haukuwa wa kitaalamu sana. Edwin Link alikulia katika kiwanda cha baba yake cha kutengeneza piano na vinanda vikubwa, huko Binghamton, New York. Akiijua sana kazi ya mivukuto na mirija ya hewa, alichukua vitu vivyo hivyo akatengeneza kijindege kilichoinama na kuzunguka juu ya kigingi. Na kufikia mwaka 1929 kilikuwa tayari. Wenye shule za urubani hawakukijali, na vingi vya kwanza viliuzwa kwa wenye viwanja vya michezo, watoto wakavipanda kwa kulipa. Kisha mwaka 1934 jeshi la Marekani liliamriwa kuchukua barua kwa ndege, na katika miezi michache marubani zaidi ya 10 walikufa, wengi wao kwa kupotea katika mawingu na giza. Ndipo jeshi likanunua mashine 6 za Link, kila moja kwa dola 3,500. Katika Vita Kuu ya Pili zikatumika kwa maelfu.

Hata hivyo, ndani ya mashine ile hapakuwa na injini ya kuigwa kwa kweli. Rubani aliposogeza wenzo wa nguvu, hewa ndani ya mirija ilibadilika, na sindano za vipimo zikapanda au kushuka. Jambo hilo lilitosha kumfundisha mtu kuamini vipimo vyake asipoiona nchi, na hiyo ndiyo iliyokuwa haja ya wakati ule.

Hatua ya pili ilitokana na umeme. Richard Dehmel, mhandisi wa Bell Telephone Laboratories, alibuni njia ya kuzifanya hesabu za mruko wa ndege kwa mitambo ya umeme, na kampuni ya Curtiss-Wright ikaitumia njia hiyo kuiundia Pan American mashine ya kuiga Boeing Stratocruiser mwaka 1948. Mashine hiyo haikuyumba hata kidogo, walakini chumba chake kilikuwa na vipimo vyote vya ndege yenyewe. Stratocruiser ilikuwa na injini nne zenye silinda 28 kila moja, na nguvu ya farasi 3,500. Mwalimu aliweza kuiharibu injini mojawapo kwa kubonyeza kitufe, na wanafunzi wakalazimika kuutambua ubovu huo kwa vipimo na kuutafutia dawa.

Hapo hesabu ya msukumo ilianza kuwa na maana. Injini ya rafadha hutoa nguvu, si msukumo moja kwa moja. Na kwa nguvu ile ile, kadiri mwendo unavyozidi ndivyo msukumo unavyopungua. Mwendo ukiongezeka mara mbili, msukumo hubaki karibu nusu. Lakini rafadha ina fadhila moja: rubani akiongeza nguvu, upepo wake hulipiga bawa mara hiyo, na ndege huitika upesi.

Zilipokuja ndege za jeti, fadhila hiyo ilitoweka. Msukumo wa jeti hutokana na uzito wa hewa inayopita katika injini kila sekunde, ukizidishwa kwa tofauti ya kasi ya hewa inayotoka na kasi ya ndege yenyewe. Hewa ikiwa nyepesi, kama ilivyo juu sana, msukumo hupungua. Tena magurudumu ya mapanga yaliyo ndani ya injini ni mazito, hayawezi kukimbia ghafula. Na mafuta yakimiminwa kuliko hewa iliyopo, injini husakamwa. Kanuni za Marekani zilikubali udhaifu huo: injini hupewa muda usiozidi sekunde 5 kutoka nguvu ndogo ya angani hadi asilimia 95 ya nguvu ya kuondokea, na ndege inayoghairi kutua hupimwa kwa msukumo unaopatikana sekunde 8 baada ya wenzo kusogezwa. Sekunde 8 ni kidogo kwa mtu aketiye nyumbani. Lakini ndege inayoshuka futi 2,000 kwa dakika hupoteza futi zaidi ya 260 katika muda huo.

Tarehe 11 Novemba 1965 hesabu hiyo ilionekana dhahiri. Boeing 727 ya United Airlines ilikuwa ikiteremka kwenda kutua Salt Lake City kwa kasi kubwa mno, zaidi ya futi 2,000 kwa dakika. Msaidizi wa nahodha alitaka kuongeza nguvu mapema; nahodha akamzuia. Ndege ikaanguka kabla ya kuufikia uwanja, ikashika moto, na kati ya watu 91 waliokuwamo, 43 walikufa. Uchunguzi ulisema kuwa nahodha alichelewa kuuzuia mteremko ule.

Pengine mtu angeuliza, kwa nini marubani wasifundishwe mambo haya katika ndege yenyewe? Jibu lilitolewa New Orleans tarehe 30 Machi 1967. DC-8 ya Delta ilikuwa katika mazoezi ya kutua kana kwamba injini mbili kati ya nne zimekufa. Mwendo na kimo vikapungua hata msukumo uliosalia usiweze kuinusuru. Watu wote 6 waliokuwamo walikufa, pamoja na 13 waliokuwa chini, na 9 kati ya hao walikuwa wanafunzi kutoka jimbo la Wisconsin waliolala hotelini. Ubovu wa kuigiza ulikuwa umeleta mauti ya kweli.

Basi ilipasa mazoezi hayo yarudi chumbani, lakini kwa sharti kwamba injini ya chumbani isidanganye. Kompyuta ya tarakimu iliyoitwa UDOFT, iliyotokana na kazi ya Chuo Kikuu cha Pennsylvania na kukamilika mwaka 1960, ilionyesha kuwa hesabu za mruko zaweza kufanywa papo hapo bila kuchelewa. Tangu hapo msukumo uliweza kuwekwa katika majedwali: kimo hiki, mwendo huu, wenzo mahali hapa, msukumo ni kiasi hiki, na kati ya tarakimu mbili kompyuta hukadiria. Juu ya majedwali huwekwa kanuni ya kuchelewa, ili wenzo ukisogezwa injini ya uongo ijikokote kama ya kweli. Kisha mashine hulinganishwa na ndege yenyewe, na muda wa injini kupanda au kushuka hautakiwi kutofautiana sana, takriban asilimia 10 tu. Mwaka 1980 serikali ya Marekani ilitoa mpango ulioruhusu mashine zilizofikia daraja ya juu kabisa zitumike kumhamisha rubani mzoefu kutoka ndege ya aina moja hadi nyingine, bila mazoezi katika ndege halisi.

Leo hesabu hizo zimeingia majumbani. Wapendao ndege hujiundia ndege zao katika kompyuta, na katika programu ya JSBSim, iliyo wazi kwa watu wote, msukumo wa jeti huandikwa kwa majedwali ya namna hiyo hiyo. Kosa la mwanafunzi wa kwanza ni kuandika tarakimu moja tu, ya msukumo wa injini iliyosimama usawa wa bahari, naye hustaajabu kuona ndege yake ikipaa kimo ambacho ndege halisi haikifiki. Hivyo kijindege kilichoanza kama mchezo wa watoto kimerudi kuwa mchezo, ila sasa chadai hesabu.

Wahenga walinena kuwa asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Mashine ya kuigia ndege ndiyo mama wa rubani. Ikiwa injini yake huitika upesi kupita kweli, humzoeza mwanawe kuomba msaada dakika ya mwisho na kuupata. Na siku atakapouomba angani, ulimwengu utamjibu baada ya sekunde 8.