Mstari wa Njano

Wanaosema pembetatu na duara ni sanaa ya mabwanyenye hawajawahi kungoja mathree Buruburu.

Februari 2004, sheria za waziri John Michuki zikazima michoro. Gari likabaki na mstari mmoja wa njano. Wachoraji wengi wa Eastlands wakamwaga unga. (Mstari wenyewe, kwani si jiometri? Ila ya serikali.)

Ukuta nao hausimamishwi na trafiki. Ukutani ndiko Wisetwo, msanii wa Nairobi, alijenga jina hadi ng'ambo: vinyago vikubwa vya maumbo na rangi kali, bila uso wa mheshimiwa yeyote.

Mwishoni mwa 2014 Rais Uhuru Kenyatta akatetea michoro ya matatu. Leo hebu peleka nganya isiyo na rangi Umoja uone kama itajaza.