Mfungo wa Danieli: Vyakula vya kula na vya kuacha kwa siku 21

Kila Januari makanisa mengi ya Kipentekoste Tanzania na Kenya hufungua mwaka kwa maombi ya siku 21. Wapo waumini wanaofunga kavu mpaka jioni. Wengine huchagua mfungo wa Danieli, ambao mtu anakula, ila anaacha nyama, maziwa, sukari na vyakula vya anasa.

Unaonekana mwepisi, lakini wengi hukwama wiki ya kwanza kwa sababu hawajapanga watakula nini. Mwongozo huu unakusaidia kumaliza siku zote bila kudhoofika.

Umetoka wapi?

Sura ya 1 ya kitabu cha Danieli inasimulia vijana wanne wa Kiyahudi waliopelekwa Babeli. Walikataa chakula na divai ya mfalme, wakaomba wajaribiwe kwa siku 10 wakila vyakula vya mimea na kunywa maji tu. Siku 21 zinatoka sura ya 10, ambapo Danieli anaomboleza wiki tatu bila chakula kizuri, nyama wala divai.

Biblia ya Union Version inataja mtama pale ambapo tafsiri nyingine zinataja mboga. Neno la Kiebrania lililotumika lina maana pana: vitu vinavyotokana na mbegu. Ndiyo maana nafaka na maharage yamo kwenye mfungo huu, si majani peke yake.

Orodha kamili ya vyakula haimo kwenye Biblia. Zile zinazosambaa WhatsApp ni utaratibu wa makanisa, na zinatofautiana. Muulize mchungaji wako kanisa lenu linafuata upi.

Vinavyoliwa

• Nafaka isiyokobolewa: ugali wa dona, mtama, ulezi, uwele, mahindi ya kuchemsha.

• Jamii ya kunde: maharage, kunde, choroko, mbaazi, dengu, njegere.

• Mizizi na ndizi: viazi vitamu, magimbi, mihogo, ndizi za kupika.

• Mboga: mchicha, matembele, sukuma wiki, mnafu, kisamvu, bamia, maboga, karoti.

• Matunda yote, likiwemo parachichi.

• Karanga, korosho, ufuta, mbegu za maboga na nazi.

• Maji. Mafuta kidogo ya kuungia mboga yanakubalika sehemu nyingi.

Vinavyoachwa

• Nyama, kuku, samaki, mayai na maziwa. Dagaa nao ni samaki, hata ukitia kiganja kimoja tu kwenye mchicha.

• Sukari na, kwa makanisa mengi, asali.

• Mkate, maandazi na chochote chenye hamira au unga mweupe.

• Chipsi, sambusa na vya kukaanga kwenye mafuta mengi.

• Soda, pombe, kahawa na chai ya majani.

Ukinunua vya dukani, soma maandishi kwenye pakiti. Baadhi ya majarini yana maziwa, na baadhi ya viungo vya mchuzi vimetengenezwa kwa nyama au kuku.

Mfano wa mlo wa siku

Asubuhi: uji wa ulezi. Badala ya sukari, ponda ndizi mbivu au tende uchanganye. Ukitaka kushiba zaidi, ongeza karanga za kusaga.

Mchana: makande, au githeri kwa walioko Kenya, na kachumbari na parachichi. Chakula hiki ni cha bei nafuu na kinakaa tumboni. Pia mahindi na maharage yanakamilishana: protini inayopungua kwenye kimoja inapatikana kwenye kingine.

Jioni: ugali wa dona, choroko za nazi na matembele. Siku nyingine badilisha kwa magimbi au ndizi na mbaazi.

Katikati ya siku: tunda, viazi vitamu vya kuchemsha au karanga. Karanga zenye ukungu au ladha chungu tupa, zinaweza kuwa na sumukuvu.

Kisamvu kitwange na kukipika mpaka kiive vizuri, na mihogo usile mibichi. Vyote vina kemikali inayotoa sumu ya sianidi visipoandaliwa sawasawa.

Shida za siku za mwanzo

Kichwa kuuma. Mara nyingi ni mwili kukosa kafeini, na huanza ndani ya siku moja tangu kikombe cha mwisho. Dawa yake ni kupunguza chai na kahawa kidogo kidogo wiki moja kabla ya mfungo.

Tumbo kujaa gesi. Loweka maharage usiku kucha, mwaga maji yale, kisha pika kwa maji mapya. Kama hukuzoea kula kunde kila siku, anza na kiasi kidogo.

Choo kigumu. Vyakula hivi vina nyuzinyuzi nyingi, hivyo vinahitaji maji ya kutosha.

Uchovu. Mara nyingi mtu anakula majani na matunda tu. Hakikisha kila mlo mkubwa una kunde na nafaka au mizizi. Malizia na chungwa au pera, kwa kuwa vitamini C husaidia mwili kufyonza madini ya chuma kutoka kwenye mboga.

Una faida kiafya?

Mwaka 2010 watafiti wa Chuo Kikuu cha Memphis, Marekani, walichapisha matokeo ya kuwafuatilia watu 43 waliofanya mfungo huu kwa siku 21. Shinikizo la damu na lehemu vilishuka. Lakini hata lehemu nzuri, inayolinda moyo, ilipungua pia. Hao ni watu wachache na muda ni mfupi, kwa hiyo mfungo huu usiuchukue kama tiba.

Wanaopaswa kumuona daktari kwanza

Kama una kisukari na unatumia insulini au vidonge, kubadilisha chakula ghafla kunaweza kushusha sukari mpaka uzimie. Daktari anaweza kulazimika kurekebisha dozi.

Anayetumia warfarin asiongeze mboga za majani kwa wingi bila ushauri, kwani vitamini K iliyomo hupunguza nguvu ya dawa hiyo.

Wajawazito, wanaonyonyesha, wenye ugonjwa wa figo, wenye upungufu wa damu na watoto nao wasianze bila ushauri.

Dawa za shinikizo la damu, kifua kikuu, ARV au kifafa usiziache hata siku moja kwa sababu ya mfungo. Kumeza dawa hakuvunji mfungo wa Danieli, maana ni mfungo wa kuchagua chakula. Kama hali yako hairuhusu, zungumza na mchungaji. Makanisa mengi humruhusu mgonjwa kufunga kitu kingine, kama televisheni au mitandao ya kijamii.

Kufungulia

Siku ya 22 usirukie nyama choma na soda. Baada ya wiki tatu bila nyama na mafuta mengi, tumbo linaweza kukusumbua. Anza na samaki wa kuchemsha, yai au mtindi kidogo, nyama ifuate baada ya siku mbili tatu. Dona, kunde na matunda endelea navyo hata baada ya mfungo.